Silinda ya Plourde

Kwenye simu aliniambia: "Ninayo.
Tatizo, sijui imelala wapi
mpaka mwezi wa tano."

Mwezi wa tano!
Mwezi wa tano barabara ni tope,
na pikipiki ya theluji ni mzigo wa bati,
kuku wanatagia kiti chake.
Nikamjibu: nakuja Jumamosi. Na koleo langu.

Kilomita mia mbili kutoka Senneterre,
hita ya gari ikipasha mguu wa kulia tu,
na kwenye kiti cha abiria
silinda yangu imeviringishwa taulo kama mgonjwa wa rufaa:
ufa juu hadi chini,
mwembamba kama unywele, unatosha kuua injini.

Hervé Plourde alinisubiri langoni,
kofia ya manyoya, sikio moja juu, moja chini.
Nyuma yake uwanja mweupe, laini, hauna kitu,
kama shuka la hoteli.
"Humo," akasema, "zimo arobaini na tatu."

Hakuwa na daftari. Alikuwa na hatua.
Kutoka nguzo ya umeme, hatua kumi na saba,
kata kushoto palipokuwa na mlango wa zizi
kabla zizi halijaungua,
kisha hatua sita, lakini za ujana wake,
siyo hizi za sasa.
Akachoma theluji kwa nondo, akatega sikio.
Tupu. Tupu.
Kisha pa, plastiki.
Kisha kang', chuma.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Sisi tulipiga magoti.
Ya kwanza ilikuwa mashine ya kufulia;
Plourde akaikodolea macho
kana kwamba imeingia bila tiketi.
Ya pili nyekundu, ya sabini na nne, tumbo wazi,
injini alishaing'oa mtu wa Timmins
aliyelipa kwa paja la kulungu.
Ya tatu ilikuwa ya mkewe.
Hakuniacha niiguse.
Akairudishia theluji kwa mikono, polepole,
akapigapiga juu yake,
nami nikafunga kamba ya kiatu
ambayo haikuwa imefunguka.

Saa tisa, jua limeshakata tamaa,
nondo ikasema tena.
Njano! Hata kabla ya kufuta, njano
ya kiini cha yai la bata.
Boneti imepasuka, skii moja haipo,
na juu ya injini panya wamejenga
kwa pamba ya kiti na risiti za mtu.
Sikuwahurumia.
Kisha nikawahurumia, nikakihamisha kiota kizima
ndani ya mashine ya kufulia.

Bolti nne. Tatu zilikubali.
Ya nne ilikaa kimya kama shahidi aliyehongwa.
Tukamwaga mafuta ya kulegeza kutu, tukawasha tochi ya gesi,
tukapokezana spana, tukaitukana kwa zamu,
yeye kwa matusi ya kanisani aliyoachiwa na babu yake,
mimi kwa yangu ya gereji,
mpaka ikalia, mara moja, kidogo,
ikaachia.

Nikaiinua kwenye mwanga uliobaki.
Nikapitisha kidole ndani, bila glavu:
hakuna mkwaruzo.
Baridi ya chuma ikaning'ang'ania ngozi.
Sikuvuta kwa pupa. Mtu hujifunza.

"Bei?"
Akayatazama mashimo yetu.
"Silinda, dola thelathini. Kuchimba bure.
Nilitaka kujua kama bado nakumbuka."
Nikampa arobaini, akarudisha kumi;
nikaibana chini ya kikombe cha kahawa.
Niliikuta mfukoni mwa koti langu, mjini Amos,
nikitafuta hela ya petroli.

Lakini hiyo ni baadaye. Pale langoni
theluji ilikuwa imeanza tena, nyepesi,
ikiziba mashimo bila kuulizwa.
Nimeshawasha gari, nikashusha kioo:
"Na gasketi yake? Gasketi unayo?"

"Ninayo," akasema Plourde,
na mkono wake ukaonyesha
weupe wote ule.